Mahindi Uliyochaguliwa

Devota,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai ulikuwa ukinitazama usoni tu unajua, na sasa hakuna wa kunitazama, kwa hiyo inabidi niandike. Nimekukasirikia wewe. Najua watu hawamkasirikii marehemu. Mama yangu akiona ninachoandika atasema najitafutia laana. Bahati nzuri yuko nje na chai yake na vitumbua, hapa hapa stendi ya Mpanda, anagombana na kondakta mmoja aliyekunywa akaondoka bila kulipa. Mimi nimejifungia chumba cha nyuma. Kesho napanda basi kurudi chuoni Morogoro, na nikiondoka bila kukuambia haya nitakwenda kuyamwaga kwa mtu asiyehusika.

Habari za huku ni zile zile. Barabara ya kwenu bado inapita hifadhini, mbung'o bado wanaingia dirishani mwa basi kama wamekata tiketi, na viboko wa Sitalike wananuka mpaka mtu unafunga pua kabla hujafika darajani. Kaburi lako limejengewa. Kaka zako walileta saruji, wakaweka msalaba mweupe, na chini ya jina lako wameandika MTAFITI kwa herufi kubwa. Siku niliyolisoma lile neno nilikuwa na begi la sampuli mgongoni. Nilijisikia kama mwizi aliyekutwa na mali.

Maana mali ni yako, Devo. Mimi nilikuwa mwalimu tu wa baiolojia pale sekondari, nina shahada yangu ya pili, nimeridhika. Figo zako zilipogoma na sisi tukakuzika, matanga hayajaanuliwa, Profesa wako akanipigia simu. Akasema mradi hauwezi kusimama, sampuli ziko kwenye friji, na mimi nilikuwa rafiki yako, Katavi naijua, watu watanipokea. Nilisubiri aseme neno moja kuhusu kichwa changu. Hakusema. Ndivyo nilivyoingia kwenye masomo ya uzamivu, kwa sababu nilikuwa rafiki wa mtu aliyekufa.

Chuoni wananiita mrithi. Hawasemi kwa ubaya, ndiyo shida yenyewe, maana wangesema kwa ubaya ningewajibu. Wanasema, aa, wewe ndiye mrithi wa Devota, pole sana, alikuwa mtu wa ajabu. Nami nasema asante. Nimerithi meza yako, kompyuta yako na kikombe chako chenye ufa, na mlangoni bado pamebandikwa jina lako kwa sababu hakuna anayethubutu kulibandua, na mimi wa kwanza. Hata yule kijana wa kuleta vifaa akifika anauliza kama Devota yupo. Siku moja nilimwambia ametoka kidogo.

Nikuambie ukweli, nilikuwa nafanya kazi nikiwa nimebana pumzi. Ujumbe wa Profesa nilikuwa nauacha mpaka jioni kabla ya kuufungua. Kwenye vikao mtu akiniuliza swali nilikuwa nakusikia wewe kwanza: ungecheka kidogo, ungevua miwani, ungejibu kana kwamba uliulizwa njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa napekua kurasa za daftari. Nikifanya kitu kikatokea vizuri, nasema bahati. Nikikosea, nasema basi, leo wamenijua. Na huyo ndiye Restituta aliyekuwa akisimama mbele ya kidato cha nne chenye wavulana wenye ndevu na hakuna aliyepumua vibaya. Huyo huyo akawa anaogopa kuomba ufunguo wa maabara.

Nilijaribu kuwa wewe. Usinicheke. Nilianza kuongea polepole kama wewe, watu wakaniuliza kama naumwa. Nikaacha sukari kwenye chai kwa sababu wewe ulikuwa huweki, nikawa nakunywa chai mbaya kila asubuhi na bado sijui takwimu. Kisha wakatupeleka semina ya kujiamini. Mama mmoja aliyevaa vizuri sana akatuambia kila asubuhi tusimame mbele ya kioo tujiambie, ninastahili, ninastahili. Nikaenda nikafanya, kwenye bafu la hosteli. Dada wa usafi akagonga mlango akauliza kuna nani humo ndani na anadai nini. Nikaacha.

Sasa nije kwenye lililoniudhi, maana hayo mengine ningeyavumilia.

Matokeo yako ya Usevya. Kila mtu anayajua matokeo yako ya Usevya. Ulizunguka mkoa mzima ukipima sumukuvu kwenye mahindi ya majumbani, ile sumu inayoachwa na ukungu nafaka ikihifadhiwa na unyevu, isiyotoka hata ukichemsha uji kutwa, inayokula ini la mtu taratibu na kudumaza watoto. Inyonga ukaikuta. Litapunga ukaikuta. Usevya, kwenu, mahindi safi. Ukaandika kwamba ni vile vihenge vya juu vya kuhifadhia nafaka na moshi wa jikoni unaoikausha, na Profesa akaibeba ile picha ya kihenge cha mama yako kila alipoalikwa. Siku ya mazishi alisimama mbele ya jeneza akasema, watu wa Usevya, mahindi yenu ni salama, na aliyelionyesha hilo ni binti yenu huyu. Wanawake walipiga vigelegele huku wanalia. Mimi pia nililia, nikajisemea kwamba huyu ndiye mtafiti, wengine sisi tunasindikiza.

Msimu uliofuata nikaenda mimi. Nyumba zile zile, vihenge vile vile, pamoja na kile cha mama yako. Nikapeleka maabara. Devo, yalitoka machafu. Yalitoka machafu kuliko Litapunga.

Unadhani nilifikiri nini? Nilifikiri nini kingine zaidi ya kwamba ni mimi? Nikasema begi lililowa pale Kibaoni. Nikasema nilifunga mifuko vibaya. Nikasema mikono yangu ina ukungu, maana nilifika mahali pa kuinusa. Nilirudia vipimo, vikatoka vile vile. Profesa akatazama karatasi, akavua miwani yake, akasema, "Devota hakuwahi kupata matokeo kama haya." Hakupandisha hata sauti. Kisha akamweka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asimame pembeni yangu nikipima, aangalie mikono yangu. Kabinti kadogo, kana adabu, kananiita dada Resti huku kananichunga. Nilipima nikiwa nimeng'ata meno mpaka taya likauma.

Baada ya hapo nikamwambia Profesa naacha. Nikasema nitakwenda Usevya mara ya mwisho kuchukua sampuli zilizobaki, nitamkabidhi, nirudi shuleni kwangu nikafundishe usanisinuru. Nilitegemea atanibembeleza hata kidogo. Akasema nifikirie vizuri, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilikwenda kukaa chooni mpaka nikaweza kutoka.

Ndipo nikaenda Usevya nikiwa sina haraka, na hilo uliweke akilini. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinisema tangu tuko bweni moja, "Resti, wewe umelelewa stendi, hujui kukaa ukasubiri." Ni kweli. Mtoto wa stendi akisubiri abiria ameondoka. Kwa hiyo zile safari za mwanzo nilikuwa naingia nyumba za watu hivyo hivyo: hodi, shikamoo mama, samahani naomba nichukue mwenyewe, na kabla hawajanitafutia kigoda nimeshapanda ngazi ya kihenge na bambo langu mkononi, kile chuma cha kuchomeka kwenye nafaka na kutoa punje, nachoma juu, katikati, chini, nashuka, asante mama, nina gari la kurudi. Najua walinisema. Kuna mama mmoja alininunia kabisa. Mama yako aliniita mwalimu, kwa adabu, kama unavyomwita mtu aliyekuja kukagua.

Safari hii sikuwa na gari la kuwahi. Nilifika nimechoka, mvua imeninyea njiani kwenye bodaboda, nimeshashindwa tayari, nikakaa. Mama yako akanipa kanga yake nibadili. Akanipikia ugali na samaki wa kukaushwa, nikala nikamaliza, nikakaa tena. Tukakuongelea. Akaniambia jinsi ulivyokuwa ukimkatalia mtu kukukata nywele. Akaniita mwanangu. Ilimtoka tu, na hakusahihisha, na mimi nikajifanya sijasikia kwa sababu ningelia juu ya sahani.

Nikamwambia nimekuja kuchukua mahindi ya mwisho. Akasema nisiinuke, yeye ataleta. Nikaacha alete. Akaenda kihengeni, akarudi na ungo umejaa, akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, akaanza kuchambua. Nilikuwa namtazama bila kumtazama. Punje nyeupe nono anatia kwenye mfuko wangu. Yenye doa anatupa kwenye beseni. Iliyotobolewa, beseni. Yenye kijivu kwenye kiini, beseni. Anaongea habari zako na vidole vinakwenda vyenyewe. Mfuko ukawa unajaa mahindi yanayong'aa, na mimi nimekaa pale kama zuzu, na ilichukua muda mrefu sana, Devo, kabla kichwa changu kufika.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ananichagulia. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa kweli.

"Sasa mwanangu, nitakupaje mahindi mabovu uende nayo chuoni kwa watu? Hata Devota nilikuwa namchagulia."

Nikaonyesha beseni. Nikauliza, na haya?

"Hayo ya kwetu. Tunasaga."

Mungu wangu, Devota.

Nikaomba kwenda uani, nikasimama nyuma ya nyumba. Nikacheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikasonya, kisha nikakutukana. Nilikutukana kwa jina lako lote na la ukoo. Kule Inyonga na Litapunga ulikwenda na bwana shamba na bambo lake, mkachoma magunia kama kazi inavyotakiwa. Kwenu ukaenda kama mtoto wa kwenu. Ukakaa kwenye kigoda ulichopewa, miguu umeikunja, ukanywa uji, ukasubiri wamama zako wakuletee, kwa sababu binti aliyelelewa vizuri hapandi kihenge cha mama zake na kuanza kupekua. Nakuona kabisa. Nakuona unavyosema asante kwa mikono miwili. Nao wakakupa yale ambayo mama anampa mwanae anayekwenda mbali. Nani angekupa mabovu? Ungerudi mjini uaibishe kijiji?

Kesho yake nikapita zile nyumba nyingine nikauliza. Sikuuliza kama mtafiti, niliuliza kama mtu wa stendi, nikicheka nao. Wote. Kila nyumba. Yule mama aliyeninunia akaniambia wazi, "Devota wetu alichaguliwa punje kwa punje, wewe ulikuja ukachota kama polisi, ulitaka tufanye nini?" Nikamwambia hakuna, mama, mlifanya vizuri. Nikachukua safari hii mara mbili kila nyumba, ya kuchaguliwa na ya kuchoma mwenyewe, nikapeleka Morogoro. Kale kabinti kakasimama pembeni yangu nikipima. Yaliyochaguliwa yakatoka safi kama yako. Niliyochoma mwenyewe yakatoka machafu kama yangu. Tukatazamana. Kakaniambia, dada Resti, kwa hiyo haikuwa mikono yako. Nikakajibu haikuwa.

Sasa ungedhani ningefurahi. Nilifurahi mpaka mlango wa maabara. Baada ya hapo hasira ikanipanda ambayo mpaka leo haijashuka. Unajua nimeishi vipi? Nimekunywa chai bila sukari. Nimenusa mikono yangu. Nimejiita mjinga kila asubuhi ya Mungu, nikijipima na wewe, na kumbe wewe uliyekuwa kipimo umekosea kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaonywa siku ya kwanza. Chukua sampuli mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, pale pale kwenu barazani, unaniambia huku unanichorea kwa kijiti chini. Kisha ukaenda ukakaa kwenye kigoda!

Na wewe hupo. Hilo ndilo linaloniua. Ningekupigia simu usiku ule ule nikupigie kelele, ukatae, uniambie sijui takwimu, tugombane mpaka salio liishe, asubuhi unitumie ujumbe mmoja tu wa kukubali, wenye mzaha ndani yake. Nimebaki na matokeo sahihi na sina wa kumshinda nayo.

Wala usidhani nimejua kitu wewe hukukijua. Ningekuwa mtoto wa Usevya ningekaa vile vile. Siku ya kwanza niliyoitwa mwanangu na mimi nilikaa.

Nikaenda kwa Profesa. Nikamweleza yote. Aliitazama ile picha ya kihenge aliyoipachika ukutani. Halafu akaniambia kuna njia. Akasema msimu wako ulikuwa mkavu na wangu ulikuwa wa mvua nyingi, na hiyo ni kweli, kwa hiyo tuandike kwamba tofauti imeletwa na mvua. Jopo litaelewa. Matokeo yako yatabaki, yangu yatakubalika, shahada nitapata. Akasema marehemu hawezi kujitetea, tumwachie heshima yake. Na akasema, kwa mara ya kwanza tangu anijue, kwamba nimefanya kazi nzuri.

Nakuapia nilitaka kukubali. Ulikuwa mlango wazi. Ningetoka na cheti, na wewe ungebaki na msalaba wako, na mama yako angebaki na ile siku ya vigelegele. Na ningebaki na ule uoga wangu, kwa sababu ningekuwa sasa tapeli wa kweli, siyo wa kujidhania. Nikaifikiria Usevya inasikia kwamba ni mvua tu, mwakani itakuwa sawa. Nikaliona lile beseni. Yaliyo mabaya yote ya kihenge yamekusanywa mahali pamoja na yanakwenda mashineni, na uji wa wajukuu wa mama yako unatoka humo.

Nikasikia mtu anasema hapana, Profesa, mvua haikufanya hivyo. Nikageuka kidogo kuangalia ni nani. Ni mimi. Akaniuliza kama niko tayari kusimama mbele ya jopo niseme kwamba Devota alikosea. Nikasema niko tayari, ila kwanza kuna mtu mwingine lazima ayasikie kabla yao.

Ndiyo maana nimekuja. Jana nilikuwa kwenu.

Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Kuanzia Sitalike nilikuwa na hotuba nzuri, inaanza na shukrani. Nilipofika mama yako alikuwa anapukuchua mahindi uani, wajukuu wawili wamekaa na vikombe vyao vya uji, na hotuba yote ikanitoka. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia tu. Nikamwambia yale mazuri aliyokuwa anatuchagulia ndiyo yaliyotufanya tuone Usevya haina sumu. Nikamwambia sumu iko, na imejaa zaidi kwenye yale anayoyaita ya kwao.

Hakuuliza habari zako kwanza. Aliwatazama watoto. Aliinuka akavichukua vile vikombe kutoka mikononi mwao, taratibu, kimoja kimoja, akaumwaga uji chini. Mdogo akaanza kulia. Akaniuliza, sasa hawa? Nikamwambia nilichoweza: hawajachelewa, aanike juu ya turubai na siyo chini, yakauke kabisa kabla ya kupanda kihengeni, achague vile vile anavyochagua, lakini yale mazuri ndiyo wayale wenyewe, na yale ya beseni yafukiwe, hata kuku wasipewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanirudishia maneno yote, kuhakikisha ameyashika.

Kisha akakaa. Akachukua gunzi akawa analizungusha tu mkononi. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyemkosesha mwanangu."

Devo, nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ulikuwa mzuri, wa upole, wenye mvua ndani yake. Nikashindwa. Nikamwambia ndiyo, Mama. Ila Devota naye hakukuuliza. Angekuuliza ungemwambia.

Akalia. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanashuka tu na yeye anaendelea kuzungusha lile gunzi. Mimi pale sikujua niweke wapi mikono yangu. Akaniuliza kama nitayasoma haya mbele za watu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nitataja jina lako. Nikasema lazima, maana wewe ndiye uliyeanza, na hata kosa lako lina kazi: mtafiti mwingine atakayekwenda kwao ajue kwamba akipendwa atachaguliwa yaliyo mazuri. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki, na ningeondoka.

Akajifuta uso kwa pindo la kanga. Akasema, "Basi taja na langu. Asisimame pale peke yake."

Niliitikia kwa kichwa. Akaniambia niinuke nikapande kihengeni mwenyewe na chuma changu, nichukue ninayoyataka, na yeye akanishikia ngazi.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Nitasimama mbele ya jopo, niseme matokeo ya kwanza ya Usevya, aliyoyaleta Devota, siyo sahihi, na sababu ni hii. Jina la mama yako litakuwa chini ya lako, kama alivyotaka. Wataniuliza nani aligundua. Nitasema mimi. Siyo bahati, wala siyo urithi. Nilikaa, nikaona, nikaelewa nilichokiona, na wewe ulikaa pale pale hukuona. Na wakinichimba sana kwenye takwimu nitasema sijui, nitakwenda kuangalia. Kisha nitarudi Usevya niwaite wamama wote niwaambie yale niliyomwambia mama yako, na niwaombe radhi kwa kupanda vihenge vyao bila kunywa uji.

Sikuahidi kwamba sitaogopa. Nimeshajijua. Nakuahidi kitu kimoja, kwamba sitaisingizia mvua kwa ajili yako, leo wala baadaye, hata wakinibembeleza kwa heshima yako. Heshima yako naijua mimi kuliko wao. Na jina lako mlangoni nitalibandua nikifika, nitalipeleka kwa mama yako alitunze.

Mama ananiita nje, kondakta amerudi na sasa wanagombana vizuri. Naomba nikuache hapa, Devo. Ulale salama huko kwenu Usevya. Tangu siku ile tulipokufukia nimekuwa nikikuogopa tu, kila siku nikikuogopa, mpaka sikupata nafasi ya kukulilia kama rafiki. Leo ndiyo nalia.

Resti wako